Barua ya Maneno Kumi

Barua ya kwanza ya rufaa niliyomwandikia msichana yule ilikuwa na maneno kumi. Niliiandika kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya fomu zetu, lakini nikiifasiri ilisema hivi: "Msichana, miaka 14, anazimia mara kwa mara. Tafadhali mpimeni moyo." Nilitia saini, nikapiga muhuri, nikamkabidhi baba yake, na nikaamini kwamba wajibu wangu umekwisha. Familia hiyo inaishi kaskazini ya Pemba, na ili kuifikisha barua yangu waliuza dume la ng'ombe, wakateremka hadi Mkoani, wakapanda meli kwenda Unguja, wakajibana kwa jamaa, na wakakaa siku kumi na mbili wakihama kutoka benchi moja hadi jengine katika hospitali kubwa kuliko yetu. Walirudi na karatasi iliyosema kwamba picha ya moyo ni ya kawaida na kwamba mtoto aendelee na kliniki yake ya kifafa.

Siwalaumu waliompokea. Waliombwa wapime moyo, nao waliupima. Picha ya mawimbi ya sauti, ambayo wagonjwa wetu wanaijua kwa jina la eko, huonyesha kuta za moyo, vali zake na nguvu ya msukumo wake, na vyote hivyo kwa mtoto huyu vilikuwa sawa. Ugonjwa wake ulikuwa katika umeme wa moyo, katika njia ndogo mno ambazo chumvi kama potasiamu na sodiamu hupitia kuingia na kutoka ndani ya seli kwa kila pigo, na kasoro ya aina hiyo haionekani kwenye eko hata kidogo. Kitu ambacho kingeweza kuwaelekeza huko ni maelezo, na maelezo yalikuwa yamebaki Pemba, midomoni mwa watu wa nyumbani kwake, kwa sababu mimi sikuyauliza na sikuyaandika.

Miezi mitano baadaye aliletwa usiku. Alikuwa amelala, simu ya kaka yake ikalia karibu na kichwa chake, akainuka nusu, akaanguka, akakakamaa kwa muda mfupi na kujikojolea. Alipofika kwetu alikuwa ameshazinduka na anatujua kwa majina. Hakuwa ameuma ulimi, wala hakuwa na ule usingizi mzito na bumbuazi linaloendelea kwa muda baada ya kifafa chenyewe. Nilitaka kumwongezea dawa ya kifafa nikamlaze hadi asubuhi, lakini nesi wa zamu, dada mwenye uzoefu wa miaka mingi kuliko mimi, alikuwa ameshamfungia nyaya za kipimo cha umeme wa moyo, kile ambacho kazini tunakiita ECG, akanionyesha karatasi na kusema, "Daktari, hebu litazame hili wimbi la mwisho, mbona linachelewa kushuka?"

Mashine ilikuwa imeandika juu ya karatasi kwamba kipimo ni cha kawaida. Nashukuru kwamba usiku ule sikuiamini. Niliketi na rula na kuhesabu visanduku. Karatasi ikienda kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, kila kisanduku kidogo ni milisekunde 40. Kutoka pigo hadi pigo nilihesabu visanduku 20, yaani milisekunde 800, na kutoka mwanzo wa pigo hadi mwisho wa wimbi la T, lile la mwisho, nilihesabu visanduku 12, yaani milisekunde 480. Kipindi hicho cha QT hurefuka moyo unapopiga polepole na hufupika unapokwenda mbio, kwa hiyo ni lazima kirekebishwe, na kanuni tunayoitumia hadi leo ni ile ya Bazett ya mwaka 1920, ya kugawanya QT kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya mapigo, vyote vikiwa katika sekunde. Nilipata karibu milisekunde 537. Kwa mwanamke, kinachozidi 460 kinatakiwa kutiliwa shaka, na kinachozidi 500 ni cha hatari ya karibu.

Nilikimbilia faili lake nikatafute ECG tuliyompima kabla ya safari ya kwanza, ile ambayo sikuiambatanisha na barua. Niliikuta, lakini karatasi za mashine hizi huchapwa kwa joto, na kwa kukaa miezi mitano katika kabati lenye fukuto na unyevu ilikuwa imefifia hadi kubaki rangi ya majivu. Huenda jibu lilikuwa pale tangu mwanzo, na huenda halikuwapo, sitajua kamwe. Tangu siku hiyo kila ECG ya mtu aliyezimia naipiga picha na kuitoa nakala siku hiyohiyo kabla ya kuondoka kazini.

Kulikuwa na jambo jengine la kusafisha kabla ya kusema kwamba mtoto huyu ana ugonjwa wa QT ndefu wa kurithi. Moyo unaweza kurefuka QT kwa sababu za kupita: potasiamu ikishuka baada ya kuharisha na kutapika sana, magnesiamu ikipungua, au kwa dawa tunazozitoa sisi wenyewe kila siku. Nilipomuuliza mama kwa utulivu, alitoa mkobani pakiti ya eritromaisini waliyopewa dukani siku mbili kabla kwa ajili ya koo. Dawa hiyo ni miongoni mwa zinazorefusha QT. Potasiamu yake ilikuwa sawa. Tuliisimamisha dawa ile, tukamlaza, na baada ya wiki tukarudia kipimo. Mapigo yalikuwa yaleyale, QT ikiwa visanduku 11, ambayo kwa kanuni ni karibu 492. Ilikuwa imepungua, lakini haikurudi mahali pake. Kipimo hiki cha pili ndicho kilichokuwa na thamani kwa daktari bingwa, kwa sababu kile cha kwanza angeweza kukitupa kwa haki kabisa, akisema ni eritromaisini.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kuketi na bibi yake mzaa mama. Nilimwamkia, tukanywa chai, nikamuuliza swali ambalo fomu zetu huuliza: katika ukoo huu kuna aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo? Akajibu bila kusita, "Hakuna, mwanangu. Sisi maradhi hayo hatunayo." Hilo lingetosha kwa siku za nyuma, ningeandika "hakuna historia ya familia" na kuendelea. Safari hii nilibadilisha swali. Nilimwomba anihesabie waliokufa wangali vijana, ambao watu walikuja mazishini wakiulizana ilikuwaje, hata kama walizama, hata kama waliangukia shambani, hata kama walisemwa kuwa wamechukuliwa na shetani, na hata watoto wachanga waliokutwa asubuhi wameshakata roho.

Bibi alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kama hivyo, basi yupo khalati yake, ndugu wa mama yake. Alikufa ndani ya arubaini ya uzazi. Alikuwa hajambo, amekula, amelala na mtoto ubavuni. Mtoto akalia kwa ghafla, yeye akainuka, akaanguka palepale. Wakasema ni kifafa cha mimba." Nilimuuliza kama kuna aliyempima presha au kama alivimba miguu, akasema hapana. Kisha akamkumbuka kaka yake mwenyewe, aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu wakati wa uchumaji akiwa na umri wa miaka kama ishirini. Hapa Pemba kuanguka mkarafuu ni ajali inayojulikana, na hakuna anayeuliza zaidi. Lakini bibi alisema waliokuwa chini walishangaa kwamba hakupiga ukelele wala hakushika tawi. Alilegea kimya, kisha akaja chini. Siwezi kuthibitisha chochote kuhusu marehemu hao wawili, na katika barua sikudai hivyo. Niliandika tu kama nilivyosimuliwa, nikitaja umri, hali na uhusiano wa kila mmoja na mtoto.

Nilijifunza pia kwa mtu nisiyemtarajia. Kabla ya kuja hospitali familia ilikuwa imempeleka mtoto kwa mwalimu anayeandika kombe, yaani aya zinazooshwa kwa maji na kunywewa, na sisi madaktari tuna tabia mbaya ya kulipita jambo kama hilo kwa kukunja uso. Nilimtafuta, akanipokea kwa heshima, na nilipomuuliza alichokiona akaniambia, "Shetani wake hapendi kelele. Mara mbili ameanguka Ramadhani, wapiga ngoma za daku walipofika mlangoni." Mwalimu huyu alikuwa ameutambua mwenendo wa ugonjwa kwa usahihi ambao mimi sikuwa nao. Katika ugonjwa wa QT ndefu zipo aina kadhaa, na katika mojawapo kinachochochea ni sauti ya ghafla, hasa inayomkuta mtu usingizini: simu, kengele, mlango kugongwa, mtoto kulia. Katika aina nyingine ni juhudi, na hasa kuogelea. Katika nyingine mtu huondoka akiwa amelala kimya bila ya kuguswa na kitu. Na ile ya sauti ndiyo inayowahatarisha zaidi wanawake katika miezi ya baada ya kujifungua. Ngoma ya daku, simu ya kaka na kilio cha mtoto wa khalati vilikuwa vinasema neno moja, na watu watatu tofauti walikuwa nalo, kila mmoja kwa lugha yake.

Barua ya pili ilijaza kurasa mbili. Nilieleza kila anguko peke yake: saa, mahali, alikuwa akifanya nini, nini kilitangulia, nani aliona, rangi ya uso ilikuwaje, alikaa chini muda gani, alizinduka vipi. Nilieleza dawa zote alizowahi kumeza na tarehe zake. Nilichora mti wa ukoo kuanzia kwa bibi, nikiweka alama kwa waliokufa ghafla na kuonyesha ni nani hajapimwa bado. Niliambatanisha nakala za ECG zote mbili, na vipimo vyangu vya mkono nikaviandika pembeni ili anayesoma aweze kunisahihisha. Na mwisho niliandika swali langu waziwazi: je, huyu ana QT ndefu ya kurithi, aanze dawa gani, na nani mwengine katika nyumba hii apimwe? Nina hakika kwamba sentensi hiyo ya swali ilisaidia kuliko kurasa zote. Daktari bingwa mwenye foleni ya watu wazima wenye presha na watoto wenye matundu ya moyo hawezi kukisia ni nini kilichokusumbua wewe kisiwani.

Kabla hawajasafiri nilipiga simu. Hili nalo sikulifanya mara ya kwanza, kwa haya tu ya kumsumbua mkubwa. Kwa ruhusa ya wazazi, na bila ya jina la mtoto, nilituma picha za karatasi, na jioni hiyohiyo nilipata ushauri wa kumwanzishia propranololi kidogo kidogo tukisubiri tarehe, baada ya kuhakikisha kwamba hana pumu. Propranololi ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na kwa watu kama hawa ni kinga kubwa. Inaniuma kufikiri kwamba ilikuwa kwenye rafu zetu miaka yote miwili aliyokuwa akimeza dawa ya kifafa. Tulizungumza hata habari ya meli. Nilimwomba mama wakae mbali na honi, na amwambie mtoto mapema kila inapokaribia kupigwa, ili isimshtue. Walishuka bandarini Malindi, Unguja, salama, wakapanda meli nyengine, na safari hii walikwenda hadi Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Ugonjwa ulithibitishwa. Ipo hesabu ya alama inayoitwa kwa jina la Schwartz, ambayo mtu akifikisha 3.5 huhesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa, na mtoto huyu kwa QT yake na kuzimia kwake kwa mshtuko alifikisha 5. Kipimo cha damu cha vinasaba hakikuwa jambo la kusubiriwa ndipo atibiwe. Dozi ilipandishwa, na wakaelezwa kwamba kile kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuushtua moyo unaposimama hufikiriwa kwa aliyewahi kusimama moyo au anayeendelea kuzimia licha ya dawa. Yeye hajaanguka tena.

Nilidhani hapo kazi imekwisha, kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Mwenye kasoro ya aina hii ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipitisha kwa kila mtoto, na kwa hiyo anayepelekwa rufaa ni nyumba nzima hata kama jina kwenye fomu ni moja. Tuliwapima wazazi na ndugu wanne. Kaka mmoja alikutwa na QT ndefu, na mama, ambaye hajaanguka hata siku moja katika maisha yake, alikutwa nayo pia. Alipoelewa, alijifunika uso kwa ukaya akasema, "Kumbe ni mimi niliyempa." Sikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo, na hakuna aliyenifundisha kuyajibu. Nilimwambia kwamba na yeye alipewa, na aliyempa alipewa, na kwamba kwa kuja kwake kupima amemwokoa kijana wake wa pili. Nikaongeza, mbele ya mumewe na kwa kukusudia, kwamba hakuna katika hili neno la kumlaumu mtu wala la kuvunjia ndoa. Nawasihi wenzangu mlitamke jambo hilo mapema, kabla mashangazi hawajafika.

Mwaka uliofuata nilikutana na familia nyengine, na hapo angalau sikuchelewa. Baba alimleta mvulana wa miaka saba, kiziwi tangu kuzaliwa, anayeanguka anapokimbizana na wenzake. Niliposikia maneno hayo mawili pamoja, uziwi wa kuzaliwa na kuanguka kwa kukimbia, niliagiza ECG kabla baba hajamaliza kueleza. Mwaka 1957 madaktari wawili, Jervell na Lange-Nielsen, walieleza nyumba moja ya Norwei yenye watoto viziwi waliokuwa wakizimia na kufa ghafla, na tangu hapo ugonjwa huo huitwa kwa majina yao. Mtoto huupata anaporithi kasoro kutoka pande zote mbili, ndiyo maana huonekana zaidi pale wazazi wanapokuwa na damu moja, na wazazi wa mvulana huyu ni binamu, watoto wa mtu na ndugu yake. Baba aliniuliza kwa sauti ya chini kama walikosea kuoana. Nilimjibu kwamba ndoa yao ni halali na haina doa, na kwamba ninachotakiwa kumweleza ni hesabu tu: kwa kila mimba, uwezekano wa kupata mtoto wa namna hii ni mmoja kati ya minne, na kwamba wao wazazi na watoto wao wengine wapimwe. QT ya mvulana ilikuwa ndefu mno, na safari hii barua, simu na propranololi vilitangulia meli.

Nisieleweke kwamba kila anayezimia avushwe bahari. Wengi wanaoletwa kwetu wamezimia kwa sababu za kawaida: mwanafunzi aliyesimama juani kwenye mstari wa asubuhi, aliyefunga na kuharisha, aliyeona damu, ambaye kwanza alihisi kichefuchefu, jasho na giza machoni, kisha akateleza chini na kuinuka baada ya kulazwa. Huyo anahitaji maji, maelezo na ECG moja iliyosomwa vizuri. Ninayemhofia ni aliyeanguka katikati ya mbio au akiogelea, aliyeanguka amelala, aliyeanguka kwa kushtuka, aliyekwenda chini bila onyo hadi akajiumiza uso, na yeyote mwenye kijana aliyekufa ghafla katika nyumba yao. Kwa hao, ECG moja iliyo safi haitoshi kunituliza, kwani wapo wenye kasoro ya kurithi ambao kipimo cha siku moja huwatoka sawa, na upo ugonjwa mwengine wa namna hii ambao mtu akiwa ametulia karatasi yake haina dosari, hadi akimbizwe kwenye mashine ndipo mapigo yavurugike. Na aliye kwenye dawa za kifafa bila ya nafuu, ambaye hajawahi kupimwa ECG, nampima hata kama amekuja kwa ajili ya kidonda cha mguu.

Kinachonihangaisha sasa ni vitu vidogo. Propranololi huweza kukosekana kwenye dirisha la dawa, na mtu akiiacha ghafla hatari inarudi, kwa hiyo tunawafundisha kuja kabla hazijabaki za wiki mbili. Kila mmoja wao ana daftari dogo, limefungwa kwenye plastiki, lenye majina ya dawa za kuepuka kwa herufi kubwa: eritromaisini, azithromaisini, siprofloksasini, flukonazoli, haloperidoli, klorpromazini, ondansetroni. Daftari hilo huonyeshwa duka la dawa, huonyeshwa kituo cha afya, na wasichana tumewaambia wakae nalo hadi siku ya kujifungua na baada yake. Kuhusu Ramadhani, tulipanga dozi zifuate futari na daku, na vijana wa ngoma za daku wa mtaa ule, baada ya baba kuzungumza nao msikitini, huinyamazisha ngoma kuanzia kwenye mwembe hadi waipite nyumba yao, na mama mwenyewe huwaamsha watoto kwa kuwagusa miguu.

Amebaki mtoto wa khalati, yule aliyelia usiku ule ubavuni mwa mama yake. Katika mti wa ukoo niliouchora kwenye barua ya pili, yeye alikuwa duara tupu lenye alama ya kuuliza. Sasa ana miaka tisa, analelewa Unguja na watu wa baba yake, ambao kwa muda mrefu hawakutaka kusikia kwamba marehemu huenda hakufa kwa kifafa cha mimba. Bibi ndiye aliyesafiri kwenda kuzungumza nao, si mimi. Wiki iliyopita baba wa mtoto alinipigia simu akaniuliza ni siku gani ampeleke na achukue nini. Barua yake nimeshaiandika, kurasa tatu, pamoja na nakala za ECG za binamu zake na jina la daktari anayeisubiri, na imeondoka na meli ya leo.